AC ama DC? Hiyo ni Stori ya Jaba

Wasee, leo naanza na kuomba msamaha, halafu nitakasirika. Tufuate huo mpangilio.

Mwaka jana niliposti klipu fupi. Nimesimama katikati ya nduthi mbili za stima, mkono mmoja juu ya kila kiti, nauliza: "AC ama DC? Ukipewa moja, unachukua gani?" Kisha nikajijibu mwenyewe. Nikasema DC ni teknolojia ya kina babu, AC ndiyo ya kisasa, ndiyo iko kwa Tesla, na mtu wa milima kama yetu ya Meru asikubali kuuziwa DC. Muziki ukaingia, nikavaa miwani. Hiyo ndiyo klipu yangu iliyotazamwa kuliko zote. Kwa komenti kulikuwa na vita kamili, timu AC huku, timu DC kule, watu wanatusiana kwa sababu ya waya.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kufungua mota. Mimi nikiwa wa kwanza.

Sasa, nina binamu yangu anayeendesha boda Maua. Aliona ile klipu akanipigia simu. "Wewe ndiye ulisomea hii maneno ya stima. Niambie ukweli, nichukue ile ya AC?" Nikamwambia chukua. Nilisomea umeme chuoni miaka miwili na muhula mmoja, kisha karo ikakataa, na mimi nikakataa pamoja nayo. Kwa familia yetu hiyo inatosha mtu kuitwa injinia.

Akauza nduthi yake ya petroli, akalipa amana, akachukua ya stima kwa mkopo wa kulipa kila siku. Muuzaji alimwimbia wimbo ule ule niliouimba mimi: mota ya AC, kilowati 5, inapanda mlima wowote.

Mwezi wa nne, asubuhi, alikuwa amebeba miraa karibu kilo 100 akipanda kutoka shambani kwenda barabarani. Akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nduthi ikapunguza nguvu, ikatetemeka, ikazima. Na si mnajua miraa haingojei mtu. Ikikosa gari la saa hiyo, bei inaanguka ukiitazama. Mzigo haukuwa wake, lakini ni yeye aliyeulipa.

Alipompigia muuzaji aliambiwa mota haifunguliwi na fundi wa mtaani, lazima ipelekwe Nairobi kwa gharama yake, tena huenda alikiuka masharti kwa kubeba mzigo mzito. Malipo ya kila siku yakaendelea kuhesabiwa. Nduthi ililala kwa ukuta wa nyumba, lakini deni liliamka kila asubuhi kabla yake.

Hapo ndipo nilielewa kwamba ile klipu yangu ilikuwa imegharimu mtu.

Mimi naishi Embu. Nilimwambia afungue gurudumu la nyuma, kwa sababu mota yenyewe imo ndani ya gurudumu, na nikaenda kulichukua. Nilirudi nalo kwa matatu barabara ya Meru hadi Embu, nimelipakata kama mtoto mnono. Nikampelekea mzee mmoja ambaye kazi yake ni kusuka upya koili za mota zilizoungua. Mota za posho mill, za pampu za maji, za viwanda vya majani chai. Ameifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa.

"Kijana, hii ni nini umeniletea?"

"Mota ya AC, mzee."

Akaifungua. Kisha akaenda nyuma ya kibanda akaleta gurudumu lingine, la nduthi ya kampuni tofauti, ambalo alikuwa amemaliza kulisuka.

"Na hii?"

Nikasoma maandishi ya pembeni. "Hii ni DC, mzee."

Akaweka zote mbili mezani zikiwa wazi. "Haya. Wewe umesoma. Nionyeshe tofauti."

Nilitazama huku, nikatazama kule. Zote mbili zilikuwa na koili za shaba zimesukwa kwa mafungu matatu. Zote zilikuwa na nyaya tatu nene zinazotoka nje. Zote zilikuwa na duara la sumaku kuzunguka koili. Tofauti niliyoiona ni rangi ya chuma na maandishi. Nilinyamaza, na nyinyi mnanijua mimi si mtu wa kunyamaza.

Wacha niwaeleze nilichopaswa kuwaeleza mwaka jana.

Stima ya Kenya inatoka wapi? Nyingine inatoka hapa hapa kwetu. Shuka upande wa Mbeere uone mabwawa ya Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225. Stima inayotoka pale ni AC, yaani mkondo unaobadilisha mwelekeo, unaenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Inapita kwa nyaya hadi kwa soketi. Unachomeka chaja, na chaja inaigeuza kuwa DC, mkondo wa kwenda upande mmoja tu, kwa sababu betri haijui kuweka kitu kingine. Halafu ukivuta aksila, kale kasanduku kanakoitwa kontrola kanachukua ile DC ya betri na kuikatakata kwa transista mara maelfu kwa sekunde, na kuigeuza tena kuwa mkondo wa kwenda na kurudi, kwa nyaya tatu, kwa zamu. Hiyo zamu ndiyo inavuta sumaku na gurudumu linazunguka.

Umeona? Hata ile nduthi iliyoandikwa "DC isiyo na brashi", ndani ya koili zake kuna mkondo wa kwenda na kurudi. Na ile iliyoandikwa "AC" inakula kutoka kwa betri ya DC. Jina linategemea muuzaji ameamua kusimama upande gani wa kontrola wakati anachapisha karatasi.

Tofauti ndogo ipo, nisiwadanganye mara ya pili. Kontrola nyingine hupeleka mkondo kwa vipande vya mraba, nyingine kwa wimbi laini. Wimbi laini lina kelele kidogo na mtetemo kidogo. Lakini hiyo ni tabia ya kontrola. Mota ile ile unaweza kuiendesha kwa njia zote mbili.

Tofauti kubwa ziko mahali pengine. Kuna mota za DC zenye brashi za kaboni, kama ile ya kuwashia injini ya gari. Zinavuta kwa nguvu tangu mwanzo, lakini brashi zinasuguana, zinatoa cheche na zinaisha. Hizo ndizo watu wengi wanazifikiria wakisema DC ni ya zamani, na siyo hizo unauziwa leo kwa nduthi. Halafu kuna mota ya induksheni, AC halisi, isiyo na sumaku hata moja. Nikola Tesla alipata hataza zake mwaka 1888. Ndiyo inayosaga unga kwa posho mill na kuzungusha mashine za kiwanda cha chai. Ngumu kama jiwe, haina sumaku za kuharibiwa na joto, lakini kwa ukubwa ule ule huwa nzito zaidi na hupoteza stima zaidi ikienda polepole na mzigo. Na kuna ya tatu, ya sumaku za kudumu, ambayo ndiyo iko kwa karibu kila nduthi ya stima mnayoona mtaani. Nyepesi, haitumii vibaya betri, lakini sumaku zake zikipikwa sana zinapoteza nguvu na hazirudi.

Na wale wa "lakini bro, Tesla inatumia AC", tulieni. Gari lao la kwanza la mwaka 2008 lilitumia induksheni, na Model S ya 2012 pia. Ilipofika Model 3 mwaka 2017, mota ya nyuma ikawa ya sumaku za kudumu, ndugu ya ile iliyoungulia Maua. BMW nao walipotoa iX3 mwaka 2020 waliweka mota yenye brashi, zile zile tunazocheka. Wahandisi hawana timu. Wanaangalia gari litafanya kazi gani, kisha wanachagua.

Hata ule ugomvi wa kwanza wa AC na DC, miaka ya 1880 kule Marekani kati ya Edison na Westinghouse, ulikuwa wa biashara: nani atauza stima kwa miji. AC ilishinda kwa sababu ilikuwa rahisi kuipandisha volti na kuisafirisha mbali. Leo stima tunayonunua Ethiopia inafika Suswa kwa laini ya DC ya volti laki tano. Sasa nani alishinda? Swali lenyewe ni la kijinga, na sisi tunalipigania kwa komenti miaka zaidi ya 130 baadaye. Hiyo ndiyo tunaita stori ya jaba. Mnakaa, mnatafuna, mnabishana hadi usiku wa manane, asubuhi hakuna kitu mmejenga.

Haya, basi ni nini kiliunguza mota ya binamu yangu? Mlima. Na hesabu ambayo hakuna mtu alimfanyia, hata mimi mwenye miaka miwili ya hesabu.

Chukua nduthi ya kilo 120, msee wa kilo 70, mzigo wa kilo 100. Jumla 290. Kwa barabara tambarare, kilomita 30 kwa saa, inataka takriban wati 600. Kitu kidogo tu. Sasa mpeleke huyo huyo kwa mteremko unaopanda mita 10 kila mita 100, mwendo ule ule. Inataka karibu kilowati 3. Mara tano. Na kwa mota ya sumaku, nguvu ya kuzungusha mara tano ni mkondo mara tano, na joto la koili linakua kwa mraba wa mkondo. Tano mara tano. Koili zinapata joto mara 25 ya zile za msee anayeteleza Mwea kwa barabara iliyonyooka.

"Lakini aliambiwa kilowati 5!" Ndiyo. Tulipoitafuta ile karatasi, kwa maandishi madogo chini kulikuwa na namba mbili. Kilowati 5 ilikuwa ya kilele, ile ambayo mota inaweza kutoa kwa muda mfupi tu. Ya mfululizo, ile inayoweza kutoa siku nzima bila kuungua, ilikuwa 2. Milima ya Nyambene haiishi kwa muda mfupi. Alikuwa anaipika mota kila asubuhi, polepole, kwa miezi minne, na akidhani ni AC kwa hivyo ni salama.

Tena mota ikiwa ndani ya gurudumu haina gia. Kwa ule mlima gurudumu linataka zaidi ya nyuton mita 100, na mota inazibeba zote yenyewe. Mota ya katikati, inayozungusha gurudumu kwa cheni au mkanda wenye uwiano wa nne kwa moja, ingebeba robo yake na kuzunguka haraka zaidi, mahali ambapo mota inapenda kufanyia kazi. Hilo ndilo swali la mtu wa Maua, wa Kibirichia, wa Runyenjes. Mota iko wapi, na ina gia? Namba ya mfululizo ni ngapi? Ina kihisi cha joto cha kuipunguza kabla haijaungua?

Na kuteremka pia. Kila mtu wa barabara ya Meru na Embu anajua Daraja la Nithi, unavyoshuka upande huu na upande ule. Mwaka 2022 basi lilianguka pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Nilipita hapo na lile gurudumu mapajani nikafikiria: nduthi ya petroli ina gia za kuishikilia kwa mteremko. Ya stima inaweza kufunga kwa mota yenyewe na kurudisha chaji kidogo kwa betri, kama kontrola imepangwa hivyo. Lakini betri ikiwa imejaa, haina pa kuweka hiyo chaji, na hapo unabaki na breki zako za kawaida tu. Nani aliwahi kuwaambia hayo kwa klipu? Si mimi. Mimi nilikuwa navaa miwani.

Sasa tufike kwa kukasirika.

Yule mzee alisuka mota kwa siku mbili. Sumaku zilikuwa bado nzima. Akazifungia, akaijaribu kwa kontrola yake mwenyewe ya kibandani, ikazunguka laini kama mpya. Nikairudisha Maua kwa matatu, tukaifunga, binamu yangu akawasha. Taa zikawaka. Mota kimya. Kontrola ilikuwa imefungwa kutoka mbali kwa sababu ya siku alizokosa kulipa, siku ambazo alikosa kulipa kwa sababu mota ilikuwa imeungua. Wiki iliyofuata walikuja na pikapu wakaichukua. Walichukua nduthi iliyopona.

Mota nzima, betri nzima, msee mzima wa kufanya kazi, na vyote vitatu vimesimama kwa sababu ya namba ya siri iliyo kwa simu ya mtu asiyejua Maua iko wapi.

Hapo ndipo vita vinapaswa kuwa. Tunabishana AC na DC, na wakati tunabishana kuna mtu anaamua kwamba kitu umelipia hutakifungua, hutakitengeneza, na fundi wako wa miaka 30 hana ruhusa ya kukigusa. Nduthi ya petroli ilitufaa kwa sababu kila kona ina msee wa spana. Plagi, kabureta, cheni, unatengenezewa ukingoja chai. Mkitutoa hapo mtupeleke mahali ambapo kila tatizo linaenda Nairobi, hamjatuletea maendeleo. Mmetuletea kodi ya nyumba yenye magurudumu.

Najua mtakachosema. "Fundi wa jua kali ataunguza betri, watu watakufa." Hofu hiyo ni ya kweli. Betri ya lithiamu ya volti 72 ikichezewa vibaya inawaka moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Basi wafundisheni! Meru kuna politeknika ya kitaifa. Embu kuna vyuo vya ufundi. Vijana wanamaliza kozi ya umeme wakijua kuchora mota ya nyaya tatu kwa daftari, na kibandani mita mia tatu kutoka hapo kuna mzee anayeisuka kwa mikono bila daftari. Wakutanisheni hao wawili. Mimi nilijua fomula zote, yeye alijua kwa nini imeungua.

Na msinisome vibaya, sisemi nduthi za stima ni mbaya. Mimi ni wa stima hadi kufa. Maji ya Tana yanazungusha mitambo hapa kwetu wakati petroli inatoka ng'ambo kwa meli. Mwaka 2023 kulikuja bei maalum ya stima kwa kuchaji magari ya umeme, na nduthi hizi zinaunganishwa hapa hapa nchini. Hiyo ni poa. Ndiyo maana inaniuma. Kitu kizuri kikiletwa kwa uongo, watu watakikataa pamoja na uongo wake. Stage nzima ya binamu yangu sasa inasema stima haiwezi mlima. Inaweza. Ile aliyouziwa ndiyo haikuwa ya mlima, na mimi nilimsaidia kuinunua.

Kwa hivyo kabla hujaweka amana, uliza muuzaji mambo manne, na urekodi akijibu. Kilowati za mfululizo ni ngapi, achana na za kilele? Mota iko ndani ya gurudumu ama katikati na gia? Ikiharibika, nani ndani ya kaunti hii ana ruhusa na vipuri vya kuitengeneza? Na ikiwa imeharibika, malipo yanasimama ama yanaendelea? Akianza kukuimbia AC na DC, toka. Huyo anauza maandishi.

Kwa wenzangu wa kontenti: mkitaka kufanya klipu ya "gani kali", tafuteni kwanza kibanda cha fundi mkae siku nzima. Hamtapata muziki mzuri huko, ni kelele za grainda tu, lakini mtajua mnachosema.

Ile klipu yangu ya zamani sijaifuta. Ningeifuta ingekuwa kama haikutokea. Nimebandika hii juu yake.

Binamu yangu sasa anaendesha nduthi ya petroli ya mtu mwingine, jioni anapeleka hesabu. Hajanitusi. Aliniambia tu, "Injinia, siku nyingine uliza mzee kwanza." Tuma hii kwa msee mmoja wa boda kabla hajaweka sahihi yake mahali.